Gari la Nyumba Kumi

Gari la mtu binafsi huwa limesimama kwa takriban asilimia 95 ya maisha yake. Donald Shoup, profesa wa mipango miji wa Los Angeles, aliieneza hesabu hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 2005 kilichohoji maegesho ya bure, na tangu hapo watetezi wengi wa magari ya pamoja huanzia hapo. Hoja yenyewe ni nyepesi kushika. Ikiwa gari linafanya kazi saa moja na ushee tu kwa siku, basi watu kumi au kumi na watano wanaweza kutumia moja: kila mmoja alichukue anapolihitaji, alirudishe, alipie saa na kilomita. Magari yapungue, mji upumue.

Ninaliamini wazo hili, lakini siliamini kwa urahisi huo. Kuna miji ambamo limefanya kazi iliyokusudiwa na kuna miji ambamo limezidisha magari barabarani, na tofauti kati ya miji hiyo ndiyo inayonishughulisha. Nimeziweka hoja katika vinywa vya watu watatu wa Dar es Salaam. Wa kwanza ni Shangazi, mhasibu anayeishi Goba na kuendesha gari lake kila siku kwenda mjini. Wa pili ni binti wa kaka yake, mpangamiji aliyesomea Bremen, Ujerumani. Wa tatu ni jirani yao, mzee aliyestaafu udereva wa UDA, shirika la mabasi la mji huo. Watu hawa nimewatunga. Hoja zao nimezisikia zikitolewa kwa dhati, na pale ninapoegemea upande sitauficha.

MPANGAMIJI: Shikamoo Shangazi. Shikamoo Mzee. Niruhusuni nianze na Bremen, kwa kuwa ndiko nilikoliona jambo hili likifanya kazi. Ni mji usiofika watu laki sita. Magari ya pamoja yalianza pale mwaka 1990, yakianzishwa na wapenda mazingira wachache. Mwaka 2003 halmashauri ya mji ikaanza kuyapa nafasi barabarani: kituo kinachoitwa mobil.punkt, kina nafasi kadhaa za magari, vyuma vya kufungia baiskeli, na kwa kawaida kiko jirani na tramu au basi. Miaka kumi baadaye wakaingiza vituo vidogo vya magari mawili matatu katika vichochoro vya makazi. Unajiandikisha, leseni yako inakaguliwa, unapewa kadi. Ukitaka gari unaliwekea nafasi kwa simu, unalifungua kwa kadi, ukimaliza unalirudisha palepale. Mafuta na bima vimo ndani ya bei. Utafiti uliofanywa mwaka 2018 ulikadiria kwamba kila gari la pamoja limechukua nafasi ya magari binafsi 16.

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Hiyo 16 naomba tuifungue kidogo, maana mimi nalipwa kufungua hesabu za watu. Mtu aliyeuza gari lake baada ya kujiunga, huyo namhesabu. Kadi ya gari imebadilishwa jina, ushahidi upo. Lakini yule anayejibu kwamba bila huduma hii angenunua gari, huyo amekupa maneno. Halafu wanaojiunga ni akina nani? Ni wale ambao moyoni walishaamua kuachana na gari. Huwezi kumpa gari la pamoja sifa ya uamuzi uliokuwa njiani tayari.

MPANGAMIJI: Hapo sikubishii, Shangazi. Kadirio hilo linachanganya waliouza na walioahirisha kununua. Waliouza ndio ushahidi mgumu, na wapo wengi. Ukiniambia nipunguze namba, nitapunguza. Mwelekeo wake hautageuka.

DEREVA: Binti yangu, mimi swali langu ni jingine. Niliingia UDA miaka ya sabini, shirika likiwa bado changa. Nimeendesha Ikarus, lile basi refu lenye mkunjo katikati. Vipuri vilipokosekana, mabasi yakalala yadi moja baada ya jingine, na watu wakawa wanasimama vituoni mpaka usiku. Mwaka 1983 serikali ikakubali daladala kwa sababu watu lazima wafike. Kwa hiyo watu wa mji huu wanashirikiana magari tangu zamani, tena kwa kubanana. Sensa ya 2022 imetuhesabu zaidi ya milioni tano na laki tatu, na wengi wetu hatuna gari. Mtu asiye na gari ukimpa gari la saa mbili, umepunguza gari gani? Umeongeza moja kwenye foleni, na dereva wake ni mgeni wa usukani.

Swali hili ndilo kiini cha mjadala. Gari la pamoja halina usafi wake lenyewe. Usafi unatoka kwa mtu aliyelichukua: angefanya nini kama lisingekuwepo? Kama angeendesha gari lake, mji umefaidi. Kama angepanda basi, mji umepoteza. Gari ni lilelile, barabara ni ileile, na matokeo yanapingana.

Paris ilijaribu mtindo mwingine kwa fedha nyingi. Autolib' ilizinduliwa Desemba 2011, ikiendeshwa na kundi la makampuni la Bolloré: maelfu ya vigari vya umeme vya rangi ya fedha, vituo kila mtaa, unachukua hapa unaacha kule. Kuacha kule ndiko kulikopendwa na watu, na ndiko kulikoharibu. Safari ya kwenda tu, fupi, ya ndani ya mji, ndiyo safari ambayo metro ya Paris inaifanya vizuri kuliko kitu chochote. Sehemu ya wateja wa Autolib' ilitoka kwenye metro na mabasi. Magari yakajaa upande mmoja wa mji na kuadimika upande mwingine, yakawa machafu, teksi za simu zikaja na kuchukua wateja wa usiku. Hasara ikapanda, kampuni na miji washirika wakagombana juu ya nani alipe, na mwishoni mwa Julai 2018 huduma ikafungwa, miaka mitano kabla ya mkataba kwisha. Umeme haukuiokoa. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu siku hizi mradi ukiwa na betri huonekana umeshafaulu mtihani wa mazingira kabla ya kuulizwa swali la pili.

MPANGAMIJI: Ndiyo maana nasimama na mtindo wa Bremen na Uswisi: gari lina kituo chake, ulipolichukua ndipo unapolirudisha. Mtindo huo haukufai kwa safari fupi ya kwenda tu, kwa hiyo haushindani na basi. Unakufaa siku unapokwenda kumwona mgonjwa Kibaha na mizigo, au kuchukua saruji, au kupeleka wazazi hospitali.

SHANGAZI: Sawa, lakini hapo ile hesabu ya asilimia 95 mnayoanzia nayo inabomoka. Gari langu limesimama mchana kutwa, kweli. Ila saa kumi na mbili asubuhi mimi nalitaka, na Mama Fulani wa nyumba ya pili analitaka, na wale wa bondeni wanalitaka, wote tunakwenda mjini. Jioni vilevile. Saa ambazo gari limelala ndizo saa ambazo hakuna anayelihitaji. Utatugawiaje?

MPANGAMIJI: Siwagawii. Safari ya kazini haiwezi kubebwa na magari ya pamoja, katika mji wowote ninaoujua. Safari hiyo ni ya basi na treni. Gari la pamoja ni la zile safari zilizobaki.

Ningependa kila mwanasiasa anayezindua mradi wa namna hii alisikie jibu hilo, kwa kuwa linageuza mpangilio mzima wa kazi. Shoup alikuwa akizungumzia nafasi: eneo kubwa la mji tunaloligeuza malazi ya vyuma. Kwa hilo asilimia 95 ni hoja nzito. Inapobebwa kutoka pale na kufanywa hoja ya kugawana, inayumba, maana saa za magari kusimama zinagongana. Mtu anaacha gari pale tu ambapo safari yake ya kila siku imeshapata njia nyingine ya kuaminika. Uswisi si ajabu kuwa mfano: ushirika wa magari ya pamoja wa Mobility una magari yapatayo 3,000, na mengi utayakuta penye stesheni za reli, katika nchi ambayo treni inafika kwa dakika iliyoandikwa ukutani. Magari ya pamoja yalikuja nyuma ya treni. Hayakuitangulia.

SHANGAZI: Nami nitakupa hoja ambayo mwenyewe hukuitoa, mwanangu, ingawa niko upande wa pili. Niliponunua gari nililipa bei, nikalipa ushuru na usajili, nikalipa bima. Zote zimekwisha kutoka mfukoni. Leo nikitaka kwenda sokoni kilomita mbili, hesabu inayonijia ni mafuta peke yake, na mafuta ya kilomita mbili hayamtishi mtu. Kwa hiyo nitawasha gari. Nitawasha tena jioni. Kila safari inajionyesha kuwa rahisi kwa kuwa gharama kubwa imejificha nyuma. Mtu wa gari la saa, kila anapotaka kutoka anaonyeshwa bei nzima: uchakavu wa gari, bima, fundi, mafuta, maegesho. Anafikiri mara mbili. Pengine anatembea. Kihasibu, hilo ndilo linalobadili tabia.

DEREVA: Na serikali nayo ilikwenda njia hiyohiyo. Ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye mafuta. Anayetembeza gari ndiye anayelipa.

SHANGAZI: Ndiyo, Mzee, na matokeo yake ni mawili. Anayetembeza gari sana analipa zaidi, vizuri. Lakini kuliweka gari la pili uani bila kulitembeza kukawa hakuna ada. Kwa hiyo watu wakabaki nalo.

Shangazi hapa amemsaidia mpinzani wake kuliko mpinzani alivyojisaidia. Watetezi hupenda kusema kwamba gari la pamoja ni rahisi. Kwa anayeendesha kila siku si rahisi hata kidogo, na halipaswi kuwa. Nguvu yake iko katika kuifanya kila safari itaje bei yake mbele ya mwenye kusafiri.

DEREVA: Tuje kwenye matunzo. Gari la watu wengi linakufa haraka, hilo nimeliona kwa macho yangu. Yadi yetu ilikuwa na daftari la gari. Dereva anayeingia analizunguka gari, anaangalia tairi, breki, taa, maji, oili. Anaandika alichokikuta, anatia sahihi. Akikuta mkwaruzo asipouandika, umekuwa wake. Siku daftari lilipoanza kujazwa bila kuangalia gari, ndipo gereji ilipofurika.

SHANGAZI: Na hapo ndipo ninapokwama. Ushirika tumeuona. Wachaga walikuwa na ushirika wao wa Moshi, KNCU, tangu 1933, wanauza kahawa yao wenyewe, wanajenga shule. Halafu 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa kwa amri, na viliporudishwa kwa sheria ya 1982 watu walishajifunza kutokuviamini. Sasa uniambie nichangie gari na watu nisiowajua, nimwachie katibu ufunguo?

MPANGAMIJI: Shangazi, hao unaowaona wamefaulu nao ni ushirika. Zürich kulikuwa na ushirika wa kujiendesha, Sefage, tangu 1948, watu wakitaka gari na hawana uwezo wa kulinunua mmoja mmoja. Mwaka 1987 vikaanza vyama viwili vipya, kimoja mji mdogo wa Stans na kingine Zürich. 1997 vikaungana, ndipo ikazaliwa Mobility. Kwa hiyo ushirika wa kahawa wa Moshi umeutangulia ushirika wa gari wa Zürich kwa miaka 15. Tofauti ni kwamba wao hawakuvunjwa kwa amri.

Nasimama na binti katika hili. Tumezoea kuambiwa kwamba mali ya wengi haina mwenyewe, na maneno hayo yanarudiwa kana kwamba ni maumbile yetu. Historia ya ushirika wa Tanganyika inasema vingine: ulikuwa na nguvu, ukashughulikiwa na serikali mpaka ukalegea. Daftari la Mzee ndilo ambalo kampuni za magari ya pamoja zinaliendesha leo ndani ya simu, kwa picha za mikwaruzo kabla ya kuwasha gari. Ufundi wake tunao.

MPANGAMIJI: Tena tunalo gari la pamoja lisiloandikwa. Mtaani kwetu usiku mama akishikwa na uchungu, mnagonga mlango wa nani?

DEREVA: Kwa mwalimu, mwenye Noah.

MPANGAMIJI: Na msiba ukitokea Bagamoyo?

DEREVA: Noah hiyohiyo. Tunachangia mafuta.

MPANGAMIJI: Basi hilo gari ni la nyumba kumi, na mwalimu peke yake ndiye anayebeba bima, tairi na lawama. Likigongwa likiwa na jirani usukani, hasara ni ya nani? Ninachotaka ni kuuandika utaratibu uliopo: bima inayomjua kila dereva aliyeandikishwa, bei inayojulikana, na mwalimu kurudishiwa gharama yake.

SHANGAZI: Bima ndiyo mlango. Niletee bima ya gari moja yenye madereva kumi walioandikwa kwa majina, kwa bei isiyoua, ndipo nitakuita mpangamiji.

DEREVA: Mimi bado naona hapa kwetu gari la pamoja lina dereva wake. Kigali, Volkswagen walifungua kiwanda cha kuunganisha magari Juni 2018, wakawa na huduma yao ya Move, uliita gari kwa simu, likaja na mtu. Hapa tuna teksi za simu, tuna bajaji. Humiliki, unapanda, unalipa. Na kijana anapata riziki.

MPANGAMIJI: Riziki hiyo siidharau, Mzee. Lakini teksi inatembea tupu kwenda kumfuata abiria na inatembea tupu kumtafuta mwingine. Gari la kituo halitembei bila sababu.

Hapa nitamwachia Mzee uzito wake. Katika mji wenye vijana wengi wanaotafuta kazi, huduma inayomwondoa dereva ina deni la kueleza faida yake ni ya nani. Ninachoona ni kwamba safari ya nusu saa itabaki ya bajaji na teksi, na gari la kituo litabaki la safari ya nusu siku, ambayo teksi huifanya kwa bei isiyobebeka.

Jambo kubwa zaidi katika mjadala huu ni ardhi iliyo chini ya magurudumu, na ajabu ni kwamba huzungumzwa mwisho. Bremen haikufika pale kwa kuhubiri. Ilitumia mamlaka yake juu ya barabara: ikachukua nafasi za maegesho ya watu wote, ikazitenga kwa magari ya pamoja. Ikabadili pia kanuni zake za ujenzi mwaka 2013, mwenye kujenga nyumba za kupangisha akaweza kupunguza idadi ya maegesho anayolazimika kujenga iwapo atawawekea wapangaji magari ya pamoja na njia nyingine za usafiri. Ujerumani nzima ilipata sheria ya magari ya pamoja mwaka 2017, ikizipa halmashauri msingi wa kutenga nafasi hizo. Ni pale maegesho yalipokuwa ya tabu na ya kulipia ndipo kuwa na gari la pili kukapoteza ladha.

SHANGAZI: Na hapa? Ada ya maegesho barabarani ipo. Lakini nikienda ofisini kwangu nina nafasi yangu ya bure ndani ya geti. Mwajiri analipia ardhi hiyo kuliko anavyonilipia nauli. Nitaachaje gari?

DEREVA: Ndani ya geti hilohilo, Mama, kuna magari mangapi ya ofisi?

SHANGAZI: Mengi. Ijumaa jioni yanafungiwa, Jumatatu yanafunguliwa. Mengine yanamsubiri bosi mmoja wiki nzima.

DEREVA: Basi anzieni humo.

Maneno ya Mzee ndiyo ninayoyaunga mkono kuliko yote yaliyosemwa. Taasisi zetu, za umma na za binafsi, zina magari yaliyokwisha kununuliwa, yenye bima, yenye madaftari, yenye gereji. Idara tano katika jengo moja zinaweza kuwa na kundi moja la magari ya pamoja, kila safari ikaandikwa kwa idara iliyoitumia, na magari yaliyozidi yakauzwa. Hapo hakuna anayetolewa kwenye basi kuingizwa kwenye gari. Kinachopungua ni chuma kilicholala. Wafanyakazi watazoea kuliwekea gari nafasi na kulirudisha likiwa safi. Makampuni ya bima yatapata rekodi za kupigia bei. Baada ya hapo ndipo magari hayo yanaweza kufunguliwa kwa wakazi Jumamosi na Jumapili, na baada ya hapo ndipo kituo cha kwanza kiwekwe mtaani, pale ambapo mabasi ya mwendokasi yanapita mara kwa mara na kwa uhakika. Barabara ya Morogoro ilipata mabasi hayo Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni. Kituo cha magari ya pamoja kikiwekwa Kimara kina mantiki. Kikiwekwa pasipo na basi kitawapa gari waliokuwa wakitembea.

MPANGAMIJI: Kwa hiyo Shangazi, Kimara tukiweka magari matano, wewe wa Goba utajiunga?

SHANGAZI: Kutoka Goba nifike Kimara kwa usafiri gani? Kwa bajaji mbili? Nitakapokuwa nimefika nitakuwa nimechoka na nauli imekwisha. Nina magari mawili uani, lile la pili la mume wangu linatoka Jumapili tu, kwenda kanisani na kwa mama mkwe. Hilo niko tayari kuliuza, nisikudanganye, limeanza kula fedha za fundi. Lakini nitaliuza siku basi la uhakika litakapopita Goba saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi saa mbili usiku, mvua inyeshe isinyeshe.

MPANGAMIJI: Na hiyo bima ya madereva kumi?

SHANGAZI: Hiyo nayo. Andika yote mawili, basi kwanza.